Walioitwa Wagonjwa Ndio Waliojua: Stori ya Virusi Visivyo na Jina

Nimechoka na hii tabia yetu ya kupatia ugonjwa kabila. Kukitokea homa ngeni mahali, kabla daktari hajafungua mdomo, mtandao ushaamua ni ya watu gani, wanaishi wapi na wanakula nini. Corona ikawa ya Wachina, na ilipofika Nairobi ikaanza kupewa mitaa. Tunacheka kwa memes, halafu kuna mtu mahali ananyimwa nyumba.

Kwa hivyo leo nawaletea stori ya mwaka 1993, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Ni stori ya panya mdogo, mvua nyingi, na watu waliolaumiwa kwa kitu ambacho wao ndio walikuwa wanakielewa kuliko wote.

Kuna sehemu Marekani ambako mipaka ya majimbo manne inakutana kama msalaba: Arizona, Colorado, New Mexico na Utah. Wanapaita Four Corners. Sehemu kubwa ya hapo ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji waliokuwa huko kabla Mzungu hajajua kuna bara linaitwa Amerika. Wenyewe hujiita Diné. Ni nchi kavu, mawe mekundu, nyumba ziko mbalimbali, na mjini ni mwendo.

Mei 1993, kijana mmoja Mnavajo, mkimbiaji, mtu wa mazoezi, alikuwa kwa gari akienda kumzika mchumba wake. Njiani akaanza kukosa pumzi. Akakimbizwa hospitali mjini Gallup, New Mexico, na akafa siku hiyo hiyo. Picha za eksrei zilionyesha mapafu yamejaa maji, kama mtu aliyezama, na huyu alikuwa katikati ya jangwa. Mchumba wake alikuwa amekufa siku chache tu kabla, kwa kukosa pumzi vilevile. Majina yao siandiki, na sababu nitaifikia.

Kama angekufa mmoja tu, pengine ingeandikwa ni nimonia na faili ifungwe. Lakini wawili, vijana, wapenzi, wiki moja? Daktari Bruce Tempest, aliyekuwa akihudumia wenyeji hapo Gallup, akaanza kukumbuka na kuulizia wenzake. Ndani ya muda mfupi walikuwa na watu watano, wote vijana na wazima, wote wamekufa namna hiyo hiyo: homa kidogo, maumivu ya misuli kama ya malaria, siku chache zinapita, halafu ghafla pumzi inakata. Kila kipimo walichojua, kuanzia tauni hadi mafua, kilirudi bure.

Hapo ndipo waandishi wa habari walipofika. Na walifika vibaya.

Vichwa vya habari vikaanza kuuita ugonjwa wa Wanavajo, homa ya Wanavajo. Fikiria uko dukani na jina lako la ukoo ndilo jina la ugonjwa. Kuna wahudumu wa hoteli walioanza kuvaa glavu wakihudumia wateja Wanavajo. Kuna watoto wadogo wa shule ya huko waliokuwa wamealikwa Los Angeles na wenzao waliokuwa wakiandikiana barua, mwaliko ukafutwa. Watoto! Na wakati huo huo kamera zinaingia hadi kwenye mazishi. Sasa, kwa Wanavajo mtu akifa kuna siku nne za maombolezo, na jina la marehemu halitajwi hovyo hovyo. Halafu mgeni anakuja na maikrofoni kukuuliza jina la binti yako uliyemzika jana, litamkwe kwa runinga. Ndiyo sababu siandiki majina. Wengi walifukuza waandishi, na wengine wakaanza kuwakwepa hata madaktari, kwa sababu mgeni ni mgeni, awe na kamera au na sindano.

Hili ndilo jambo ambalo watu hawaelewi kuhusu kulaumu watu. Si kwamba ni tabia mbaya tu. Inafanya mgonjwa ajifiche, na mgonjwa akijificha uchunguzi unakwama.

Maabara nayo ilifanya kazi nzuri, tusiwanyime haki yao. Sampuli zilipelekwa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilicho Atlanta. Kufikia mwanzo wa Juni walikuwa na jibu ambalo hata wao liliwashangaza: damu ya wagonjwa ilikuwa inatambua virusi vya familia ya hanta.

Kwa nini washangae? Kwa sababu hanta ilijulikana kama mambo ya Asia na Ulaya, na kazi yake ilikuwa kushambulia figo. Wakati wa vita vya Korea, kati ya 1951 na 1953, zaidi ya wanajeshi 3,000 wa Umoja wa Mataifa waliugua homa ya kutokwa na damu ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi mwanasayansi Mkorea, Lee Ho-wang, alipoikamata mwaka 1976 ndani ya panya wa mashambani mwenye mstari mweusi mgongoni. Akaipa jina la mto wa karibu, Hantan. Hivyo ndivyo familia nzima ilivyopata jina. Lakini hanta ya mapafu, tena Marekani? Hakuna aliyekuwa ameitarajia.

Kama ni hanta, basi kuna panya. Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti wakatega mitego nyumbani kwa wagonjwa na kando yake, wakapata karibu panya 1,700. Kuna kitu kidogo hapa ninakipenda: walipokuwa wakitega, watafiti waliamua wasivae barakoa kubwa za kutisha, ili wasiwajaze wenyeji hofu. Walizivaa baadaye, wakati wa kupasua panya. Inaonekana kuna mtu alikuwa ameanza kuelewa kwamba mavazi pia yanaongea.

Mshukiwa akapatikana. Ni panya mdogo wa porini, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, macho makubwa, masikio kama majani. Ukimwona utasema ni wa katuni. Jina lake la kisayansi ni Peromyscus maniculatus, na karibu asilimia 30 ya wale waliopimwa walikuwa na dalili za maambukizi. Yeye mwenyewe haumwi. Anabeba virusi maisha yake yote, anavitoa kwa mkojo, kinyesi na mate. Vikikauka vinakuwa vumbi. Wewe unakuja na fagio, unafagia stoo uliyofunga miezi sita, vumbi linapanda, unavuta. Basi. Hakuna kuumwa na panya, hakuna kula panya. Ni fagio tu na pumzi. (Anaweza kuuma pia, lakini hiyo ni nadra.)

Swali lililobaki: panya huyu amekuwa hapo miaka yote, kwa nini 1993? Hapa ndipo stori inanoga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico walikuwa wakihesabu panya wa eneo la Sevilleta kwa miaka, kazi ambayo nina hakika kuna mtu alikuwa akiiona ni kupoteza pesa. Daftari zao zilionyesha kwamba sehemu hiyo ilikuwa imekaa na ukame miaka kadhaa, hadi wawindaji wa panya, kina bundi na nyoka, wakapungua. Halafu ikaja El Niño. Sisi Wakenya El Niño hatuhitaji kuelezwa, waulize wazazi wako kuhusu 1997. Kule ilileta theluji na mvua nyingi, mimea ikafumka, misonobari aina ya piñon ikazaa kokwa hadi zikamwagika chini. Panya wakala, wakazaana. Mei 1993 walikuwa kama mara 10 ya wale wa Mei 1992. Panya wakiwa wengi hivyo hawabaki porini. Wanaingia kwa nyumba.

Sasa wazee.

Wakati wataalamu wanaunganisha mvua, kokwa na panya kwenye kompyuta, wazee na waganga wa Kinavajo walikuwa wanasema jambo hilo hilo kwa lugha yao. Daktari Ben Muneta, Mnavajo aliyesomea udaktari wa kisasa na aliyekuwa kwenye uchunguzi huo, alienda kuwasikiliza. Wakamwambia kwamba mvua ikizidi, kokwa za piñon zinazidi. Kokwa zikizidi, panya wanazidi. Na panya wakizidi, vijana wenye nguvu wanakufa. Walitaja miaka: 1918, 1933. Kwao hii haikuwa siri ya kutisha. Ilikuwa mara ya tatu.

Na walikuwa na kanuni. Panya ni wa nje na wa usiku, binadamu ana ulimwengu wake, hizo dunia mbili hazipaswi kuchanganyika. Usimwache panya aingie ndani. Chakula kifunike. Nguo ikiguswa na panya, ichome. Mtoto wa mjini akisikia hiyo anasema ni ushirikina. Lakini baadaye CDC wenyewe waliandika kwamba mafundisho ya Wanavajo kuhusu ugonjwa huu yanakubaliana na ushauri wao wa afya. Kwa hivyo watu walioonekana chanzo cha ugonjwa ndio walikuwa na kitabu cha kuukinga, ila hakikuwa kwenye karatasi.

Sisemi wazee wanajua kila kitu, tafadhali. Mzee hangeweza kukuambia ni virusi vya familia gani, na bila maabara tusingejua kwamba ugonjwa ule haukuwa wa Wanavajo hata kidogo. Baada ya kipimo kupatikana, watu walianza kupima sampuli za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa, wakakuta mgonjwa wa mwaka 1959, mwanamume wa miaka 38 kutoka Utah. Virusi vilikuwa vikiua watu kimya kimya zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo, na vifo vinaandikwa jina lingine. Ninachosema ni kwamba mzee akisema "hii tumeiona", andika tarehe.

Kisha ikaja kesi ya jina. Mwanzo wanasayansi walitaka kuviita virusi vya Four Corners. Wakazi wakakataa: sisi tunaishi hapa, watalii wanakuja hapa, mnatubandika nini? Wakabadilisha wakapendekeza Muerto Canyon. Hapo ndipo walipokosea zaidi, kwa sababu kwenye ardhi ya Wanavajo kuna bonde linaitwa Canyon del Muerto, na mwaka 1805 askari wa Kihispania waliua Wanavajo zaidi ya 100 waliokuwa wamejificha huko kwenye pango. Yaani unachukua kidonda cha watu, unakipa jina la ugonjwa ambao tayari umewaumiza. Wanavajo wakapinga, na wakasikizwa. Mwishowe virusi vikaitwa Sin Nombre, Kihispania, maana yake "bila jina". Kwangu hilo ndilo jina bora zaidi kwenye historia ya tiba, na limetoka kwa watu waliogoma.

Linganisha na kwetu Afrika. Lassa ni mji mdogo kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Mwaka 1969 muuguzi wa misheni aliugua huko, akapelekwa Jos, akafa; mwenzake aliyemhudumia akafa pia. Virusi vikagunduliwa na kuitwa Lassa, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, ukisema unatoka Lassa mtu anarudi hatua nyuma. Hakuna aliyewauliza. Ubaya wa jina hilo ulijulikana mapema: mwaka 1976, walipokuwa wakitafuta jina la ugonjwa mpya wa Zaire, Mmarekani Karl Johnson alishauri watumie jina la mto ili kijiji cha Yambuku kisipate balaa iliyoipata Lassa. Mto ni Ebola. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuandika mwongozo mwaka 2015, kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali wala watu. Wanavajo walikuwa wamelimaliza hilo miaka 20 na kitu mapema.

Na kabla hujasema hayo ni ya Wazungu, Nairobi ina deni lake. Mwaka 1902 tauni ilipotokea Indian Bazaar (tauni ni bakteria, si virusi, lakini inasafiri na panya na viroboto), daktari wa serikali ya kikoloni aliamuru soko lichomwe. Tauni ikarudi baadaye, na Profesa Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuangalia afya ya miji, akapendekeza watu wagawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Tazama ramani ya Nairobi leo uone nani alipata miti na nani alipata mfereji wa maji taka. Panya alisababisha, binadamu akapangwa upya.

Haya, turudi Marekani kidogo, kwa sababu kuna mwaka 2012. Mbuga ya Yosemite, California, watalii wanalala kwenye mahema ya kifahari yenye kuta mbili ili baridi isiingie. Katikati ya hizo kuta panya walijenga viota. Watu 10 wakapata hanta, watatu wakafa. Mahema yakafungwa, yakabomolewa. Na vichwa vya habari? Hanta ya Yosemite. Hakuna aliyeandika "homa ya watalii". Hakuna mhudumu aliyevaa glavu kumpa Mzungu kahawa.

Tangu 1993 hadi mwisho wa 2022 Marekani imehesabu wagonjwa 864. Si wengi. Lakini kati ya wale ambao mapafu yamevamiwa, kama asilimia 38 hufa, na hadi leo hakuna dawa maalum, ni oksijeni, mashine, na kuwahi hospitali. Dalili zinaweza kuanza wiki moja hadi nane baada ya kuvuta vumbi, kwa hivyo ukimwona daktari mwambie kama ulisafisha mahali pa panya, hata kama ilikuwa mwezi uliopita. Hanta ya kaskazini haipiti kutoka mtu kwa mtu. Ile ya Andes, Argentina na Chile, inaweza. Mwaka 2018 na 2019 katika kijiji cha Epuyén iliambukiza watu 34 na kuua 11.

Na sisi? Panya mkubwa wa mjini, yule wa mifereji, naye ana hanta yake, inaitwa Seoul, na amesafiri nayo kwa meli hadi bandari nyingi za dunia. Hiyo inagusa figo na huwa haiui sana. Yule panya anayebeba Lassa Afrika Magharibi, Mastomys natalensis, tuko naye hapa kwenye mahindi yetu. Huku hajapatikana na Lassa. Mwaka 2009 watafiti waliripoti kwamba wale wa Morogoro, Tanzania, wana virusi ambavyo ni ndugu wa Lassa, vikaitwa virusi vya Morogoro (naam, jina la mji tena), na havijulikani kumdhuru binadamu. Kwa hivyo usitoke hapa ukasambaze kwa WhatsApp kwamba Lassa imeingia Kenya. Nitakublock.

Lakini panya wetu ana mengine, na dawa ya vumbi lake ni ile ile. Disemba ukienda ushago upewe kazi ya kufungua ile stoo ya nyanya imefungwa tangu Aprili, au keja mpya ina mavi ya panya kwa kabati, usianze na fagio. Fungua mlango na madirisha, utoke, ukae nje nusu saa. Vaa glavu. Changanya Jik, kipimo kimoja kwa maji tisa, umwagie kinyesi na kiota hadi vilowe kabisa, ungoje dakika tano, halafu ufute kwa karatasi na uitupe kwa mfuko uliofungwa. Sakafu upige deki kwa maji yale yale. Na Jik usiichanganye na dawa ya choo, hiyo gesi itakumaliza kabla ya panya. Kisha tafuta anapoingilia: panya mdogo anapita tundu la upana wa penseli. Lizibe na waya wa kusugulia sufuria na simiti juu. Unga na mahindi viingie kwa ndoo yenye kifuniko.

Nyanya akikuona unamwaga Jik kwa sakafu ya stoo atauliza unafanya nini. Mweleze. Halafu umuulize yeye anakumbuka mwaka gani panya walizidi, na nini kilifuata.